Shajara ya uso wa nahodha: jeli ya adapalini na jua la Amu

Disemba, kaskazi imeshika

Mradi ni huu: jeli ya adapalini, dawa ya chunusi, ya asilimia 0.1, usiku, uso mzima, kuanzia sasa hadi Idi ndogo. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria, Mokowe ya bara na Amu (mji wa Lamu) kwenda na kurudi, siku nyingine Shela au uwanja wa ndege wa Manda, kwa hiyo uso wangu unapigwa na jua na chumvi tangu asubuhi hadi magharibi. Naandika kwa sababu maelezo mengi niliyoyasoma kuhusu dawa hii yameandikwa kwa ajili ya watu wanaoshinda ofisini, wenye bafu la maji matamu na miezi ya baridi. Hayasemi lolote juu ya udhu mara tano kwa siku, kinyozi mwenye chupa ya spiriti, wala maji ya bahari yanayokurukia kila boti ikikata wimbi.

Hali ya kuanzia. Paji la uso lina vipele vidogo vidogo vya rangi ya ngozi, vingi zaidi karibu na nywele. Haviumi, ila ukipitisha kidole unavihisi vyote. Mashavu ndiko kwenye chunusi zenyewe, zile za kuvimba, nyingine zina usaha. Kidevuni ni mchanganyiko wa chunusi na vipele vya wembe. Na kote kumetapakaa madoa meusi ya chunusi zilizopita, ambayo kusema kweli ndiyo yanayoniudhi zaidi, maana chunusi hukaa wiki lakini doa lake hukaa miezi.

Picha napiga nikiwa nimekaa barazani kabla jua halijaingia kichochoroni, simu mahali pale pale, bila kichujio. Katika daftari sihesabu chunusi. Kuhesabu chunusi kila asubuhi ni kujitafutia wazimu. Naandika kama ninavyoandika hali ya maji kwenye daftari la boti: chafu, mawimbi, shwari. Leo: paji mawimbi, mashavu chafu, kidevu chafu.

Kabla ya kununua chochote nilikwenda kutazamwa. Klinikofisa aliuliza maswali ambayo sikuyategemea. Zinawasha? Zote zina ukubwa mmoja? Na kifuani zimetoka? Akaeleza kwamba kuna vipele vinavyofanana sana na chunusi lakini vinaletwa na kuvu wa ngozi aitwaye Malassezia, anayekaa kwenye mashina ya vinyweleo na kustawi penye joto na jasho. Vipele hivyo huwasha, hulingana ukubwa, na dawa ya chunusi haviisikii. Vinataka dawa ya kuvu. Katika mji kama wetu, ambako shati linaloa kabla ya saa nne asubuhi, naona swali hilo lingeulizwa kwa kila mtu. Zangu haziwashi na ziko za kila sura: vichwa vyeupe, vichwa vyeusi, za usaha. Chunusi za kawaida, akasema. Kisha akauliza napaka nini.

Napaka mafuta ya nazi, kama kila mtu nyumbani kwetu, kichwani na usoni, tangu kuzaliwa. Akanigusa paji pale nywele zinapoanzia, akasema vipele hivi vya juu vina uhusiano na mafuta ya nywele yanayoteremka na jasho. Baadaye nilisoma kwamba jambo hilo si geni: mwaka 1970 madaktari Plewig, Fulton na Kligman waliandika makala juu ya chunusi za paji na panja kwa watu wanaopaka mafuta mazito ya nywele. Mafuta ya nazi kwenye nywele ni mazuri, sina ugomvi nayo. Kwenye paji lenye chunusi yanaziba.

Kwa hiyo orodha ya vitu vya kuondoa usoni imekuwa ndefu kuliko ya vitu vya kununua. Vinavyoondoka: mafuta ya nazi, sabuni ya kipande (ile ile ya kufulia, ambayo ni kali ya magadi wakati ngozi yenyewe ina uasidi kidogo), limau, dawa ya meno juu ya chunusi, brashi ya kusugulia, na vidole vyangu. Vinavyoingia: jeli, sabuni laini isiyo na manukato, losheni nyepesi iliyoandikwa kwamba haizibi vinyweleo, na losheni ya kukinga jua. Mwenye kemisti alipoona nachukua vyote kwa pamoja alicheka, akasema wateja wengi huchukua jeli peke yake, kisha hurudi kulalamika kwamba imewaunguza.

Disemba, utaratibu wa usiku

Nimezunguka saa zote za siku kutafuta mahali pa kuiweka jeli hii, na jibu ni baada ya Isha. Dawa inatakiwa ikae ngozini usiku kucha, na udhu wowote utakaotawadha baada ya kuipaka utaiondoa. Nikishasali Isha, nikala, naosha uso kwa sabuni laini, napangusa kwa kubonyeza taulo bila kusugua, halafu nangoja uso ukauke kabisa. Ngozi yenye majimaji hunyonya dawa haraka na huchonyota zaidi. Muda wa kungoja naumaliza kwa kuandika hesabu za mafuta ya boti.

Kipimo ni punje moja ya mbaazi kwa uso wote. Nasema mbaazi mbichi, si ile iliyokwisha kulala kwenye tui na kuvimba. Naigawa nukta nukta: paji, shavu hili, shavu lile, kidevu, kisha naisambaza mpaka ipotee. Haipakwi juu ya chunusi moja moja. Hili nimelirudia kwa baharia wangu mara nyingi, kwa sababu yeye anaona dawa ni kama risasi, lazima imlenge mtu. Kazi ya retinoidi, yaani jamii ya dawa kama adapalini, ni kwenye vinyweleo vyote, hasa vile ambavyo bado havijaonyesha kitu.

Pembe za mdomo, mbavu za pua na chini ya macho natangulia kuzipaka vaselini nyembamba, ili jeli ikitambaa isishike hapo. Mwisho, losheni juu ya vyote. Kwa mwanzo huu napaka usiku mmoja na kupumzika mbili, kama alivyoagiza klinikofisa. Ngozi ikizoea nitakaza.

Tyubu imeandikwa isikae kwenye joto la kuzidi nyuzi 25. Hapa kaskazi ikipamba, nyuzi 25 ni ndoto ya alfajiri. Lakini nyumba yetu ni ya mawe, ya kizamani, na kule ndani kabisa kuna zidaka ambako wazee walikuwa wakipanga vyombo vya kaure. Kidaka cha chini, upande usiopigwa na jua, ndicho chenye ubaridi kuliko pahali popote nyumbani. Tyubu inakaa hapo. Haiendi botini hata siku moja.

Januari, ngozi inabambuka

Uso umekauka. Kwenye kidevu na pembeni ya pua kumetoka magamba membamba yanayobambuka, na nikitabasamu nahisi ngozi inavutika. Maji ya bahari yakinirukia yanachonyota. Nilikuwa nimeshaambiwa: wiki mbili hadi nne za mwanzo ndizo za mateso, kwa sababu dawa inaharakisha ngozi kujibadilisha kabla ngozi yenyewe haijaizoea. Kinachotakiwa ni kuongeza losheni na kupunguza usiku wa kupaka, si kuacha, wala si kuyasugua magamba yatoke. Nimeanza kupaka losheni mara mbili, safu moja kabla ya jeli na moja baada yake. Mchonyoto umepungua usiku ule ule.

Leo kwa kinyozi. Hapa ndipo maelezo ya kusoma yalipokwisha na nikabaki peke yangu. Kinyozi wangu wa Langoni ana mfululizo wake haubadiliki: wembe mkavu, taulo la moto, kisha pamba iliyoloa spiriti anaipitisha kidevu kizima, na juu yake poda. Alipofungua chupa nikamshika mkono.

“Spiriti leo hapana, kaka.”

“Utatoka vipele.”

“Nimeshatoka. Na wembe pia leo uache, nipitishie mashine tu, ibakishe kidogo.”

Akanitazama kwenye kioo. “Nahodha unaoa?”

Duka zima likacheka. Lakini alipitisha mashine, kufuata nywele zinavyoota, na hakugusa ngozi kwa kitu kingine. Hesabu yangu ni hii: nywele zetu zimejipinda, zikikatwa chini ya ngozi kwa wembe hurudi kuchoma ndani, na hivyo vipele vya kidevuni si chunusi vyote. Jeli itazisaidia chunusi. Vya wembe vinataka niuache wembe. Kuhusu spiriti sihitaji daktari aniambie. Ngozi iliyokwisha kubambuka haimwagiwi spiriti.

Hilo hilo kwa mambo ya kung’oa nywele kwa nta au kwa uzi. Dada yangu ni mpambaji wa maharusi, amenihakikishia ameshaona nyusi za bibi harusi zikitoka pamoja na ngozi kwa sababu mwari alikuwa akipaka krimu ya retinoidi na hakusema. Sasa anauliza kila mteja kabla hajashika uzi.

Januari mwishoni

Paji mawimbi. Mashavu chafu. Kidevu chafu. Yaani chafu kuliko Disemba.

Hii ndiyo sehemu ambayo watu huiacha dawa na kuitangaza mji mzima kwamba ni sumu. Inafaa kueleza kinachotokea. Chunusi haianzi siku unayoiona. Ndani ya kinyweleo, chembe za ngozi zilizokufa badala ya kutoka hushikana na mafuta ya ngozi na kufanya kizibo kidogo kisichoonekana kwa macho. Kizibo hicho kinaweza kukaa wiki kadhaa chini kwa chini. Baadaye bakteria wanaoishi humo humo huzaana, mwili unapigana nao, na ndipo uvimbe unapotokea. Retinoidi ni jamii ya vitamini A. Zinaingia kwenye chembe, zinashika vipokezi vyake, na zinabadilisha namna chembe zinavyokua na kuachana, hata kizibo kisijengeke. Lakini vilivyokwisha kujengeka kabla ya dawa vinasukumwa juu, na vingine vinatoka vyote kwa pamoja. Chunusi ninazoziona sasa zilipangwa Novemba.

Hapo ndipo panapotoka kipimo cha wiki 12 kinachotajwa kwa dawa hii. Kabla ya hapo hakuna hukumu. Ngozi inahitaji kama mwezi kujibadilisha, na vizibo vya zamani vinahitaji muda wa kumalizika. Nimeandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari: usihukumu kabla ya Idi.

Usiku wa kungoja uso ukauke nimesoma historia ya dawa hizi. Ya kwanza ilikuwa tretinoini. Kligman na wenzake waliandika juu ya kuitumia kwa chunusi mwaka 1969, na Marekani ikaikubali mwaka 1971. Huyo Kligman ndiye aliyefanya majaribio ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg kule Philadelphia kwa miaka mingi, jambo ambalo kila anayemsifu kwa dawa yake anapaswa kulitaja pia. Adapalini ilikuja baadaye, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1996 kwa cheti cha daktari, na mwaka 2016 ya asilimia 0.1 ikaruhusiwa kuuzwa huko bila cheti. Tofauti yake na tretinoini inamhusu mtu kama mimi moja kwa moja: tretinoini huharibiwa na mwanga, na huharibiwa na benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya chunusi inayoua bakteria. Adapalini inavumilia vyote viwili, na kwa kawaida huunguza ngozi kidogo kuliko mwenzake.

Nataja hilo la benzoili kwa sababu klinikofisa ameniongezea: asilimia 2.5, asubuhi, mashavuni tu. Nilidhani asilimia 10 ingefanya kazi haraka. Akasema zinakaribiana nguvu, ila hiyo ya 10 inakausha zaidi, na uso wangu umeshakauka vya kutosha.

Siku mbili baadaye, kikoi changu cha buluu

Kina madoa ya rangi ya chungwa pembeni, pale ninapojipangusia uso. Benzoili peroksaidi inatoa rangi ya nguo. Kanzu nyeupe haina neno. Taulo na foronya, tafuta nyeupe.

Februari, jua

Mwanzo niliandika losheni ya jua kama kitu cha nne kwenye orodha. Sasa naona ilistahili kuwa ya kwanza. Jeli inafanya tabaka la juu la ngozi liwe jembamba zaidi kwa muda, na jua linaiuma haraka. Halafu kuna madoa: ngozi nyeusi ikivimba popote huacha weusi, na jua linaukoleza weusi huo kila siku. Mtu anayepaka jeli usiku na kuacha uso wazi mchana anafuta kwa mkono huu na kuandika kwa mkono ule.

Amu iko nyuzi 2 tu kusini ya ikweta. Jua letu halina mwezi wa kupumzika. Botini linakuja kutoka juu na kutoka chini: Shirika la Afya Duniani linasema povu la bahari hurudisha kama asilimia 25 ya miale ya urujuanimno, na mchanga mkavu wa pwani kama 15. Boti yangu ina turubai juu, lakini nahodha anasimama nyuma, penye injini, na kuanzia saa nane turubai linamfunika kila mtu isipokuwa yeye.

Losheni ya kwanza niliyonunua ilikuwa na zinki nyingi. Nzuri, inakinga, lakini usoni mwangu ilikaa nyeupe, na mzee mmoja wa Matondoni akaniuliza mbele ya abiria kama nimetoka kukanda mahamri. Nimepata nyingine yenye rangi ya kahawia. Hiyo rangi ina kazi yake: ni oksaidi za chuma, nazo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa watu weusi nao unakoleza madoa. Imenigharimu kuliko jeli yenyewe. Kipimo ni urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Wengi hupaka robo hadi nusu ya hiyo, kisha hulalamikia namba iliyo kwenye chupa. Namba yenyewe isikutie presha: SPF 30 iliyopakwa vizuri huzuia kama asilimia 97 ya miale inayounguza, na 50 huzuia 98.

Sasa udhu. Losheni ya jua inatakiwa ipakwe upya kila baada ya saa mbili ukiwa juani, na watu wengi hushindwa kukumbuka. Mimi nimefungiwa ratiba na muadhini. Asubuhi kabla ya boti kuondoka, naosha uso na kupaka. Adhuhuri natawadha, nasali, napaka upya. Alasiri vile vile. Katikati naongeza nikiwa Mokowe nangoja abiria wajae. Losheni inapakwa baada ya udhu, si kabla, na ile inayostahimili maji inafutika vizuri kwa sabuni laini kabla ya kutawadha tena. Kichupa kidogo kiko mfukoni pamoja na ufunguo wa injini.

Kofia ilinipa shida. Ya vito haina ukingo. Ya ukili yenye ukingo mpana inaruka boti ikishika kasi, kwa hiyo niliifunga kwa kamba kidevuni. Wiki haikwisha, chunusi zikajipanga pale pale kamba inaposugua. Kamba nimeihamishia kisogoni.

Baharia wangu na tyubu yake

Sikukusudia kuandika habari za mtu mwingine, lakini imebidi. Baharia wangu aliona uso wangu ulivyochafuka Januari, akaamua njia yake. Alinunua tyubu ya krimu dukani, bila kuandikiwa na mtu, na kwa siku chache chunusi zake zikanywea na uso ukang’aa. Akanicheka sana. Nilisoma maandishi madogo kwenye tyubu: klobetasoli. Hiyo ni steroidi kali, ya magonjwa mengine ya ngozi, na usoni haitakiwi. Inazima uvimbe, na mtu anadhani amepona. Ukiendelea nayo, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na ukiiacha chunusi zinarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Nyingine zinaletwa na hiyo hiyo steroidi. Dada yangu anawaona wateja wa namna hii kila msimu wa harusi, wengi wao wakitumia mkorogo wa steroidi na haidrokwinoni, wengine wa zebaki, ili weupe utangulie siku ya kutolewa nje. Poda haishiki kwenye ngozi ile, anasema, inateleza.

Nimempeleka baharia kwa klinikofisa, maana steroidi ya muda mrefu haiachwi hivi hivi bila kuangaliwa. Jeli yangu sikumpa. Wala sikumpa mke wa jirani aliyeiomba, kwa sababu ana mimba. Dawa za jamii hii zinazomezwa, kama isotretinoini, zinaweza kumharibu mtoto tumboni, hilo halina shaka. Ya kupaka huingia mwilini kidogo sana, lakini ushauri ni mmoja: mjamzito au anayetafuta mimba asiitumie. Zipo nyingine daktari anazoweza kumpa, asidi ya azelaiki kwa mfano.

Ramadhani

Utaratibu umesogea. Sasa ni baada ya tarawehe, na kwa kuwa daku inafuatwa na udhu wa alfajiri, jeli inapata saa chache kuliko kawaida. Haijaleta tofauti ninayoiona. Suala la saumu halikuzuka. Dawa ni ya ngozini, na isitoshe inapakwa usiku. Shida ni midomo. Mchana bila maji, upepo wa kaskazi, na jeli inayotambaa usiku: imepasuka. Vaselini kabla ya jeli, vaselini baada ya daku.

Tangu mwezi uandame napaka kila usiku, bila kupumzika. Magamba yameisha.

Kila mtu gatini ana nadharia yake ya chunusi zangu. Damu chafu. Pilau. Kukesha. Mzee mmoja anayevuka kila Alhamisi ana moja tu.

“Oa, mwanangu. Zitaondoka zenyewe.”

“Inshallah, babu.”

Kuhusu chakula, nilivyosoma ni kwamba mafuta ya kwenye sahani hayapandi usoni. Kinachohusishwa kidogo na chunusi ni vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka, na maziwa. Hilo si habari njema Ramadhani, mwezi wa kaimati na chai ya maziwa. Nimepunguza sukari kwenye chai. Kaimati sijazigusa, maana bibi ndiye anayezipika na sina ujasiri huo.

Huyo bibi naye ana lake. Ameniona nangoja uso ukauke, akauliza kwa nini nisipake liwa, aisugue yeye mwenyewe kwenye jiwe. Nikamwambia baadaye, ngozi bado ni changa. Liwa ya msandali inanukia vizuri, lakini chochote chenye chenga za kukwaruza hakikanyagi uso huu kwa sasa, na manukato nayo yanaweza kuwasha ngozi iliyo na retinoidi. Hakuridhika.

Idi

Picha za Disemba na za leo nimeziweka pamoja, baraza lile lile, saa ile ile. Paji: shwari. Vile vipele vya karibu na nywele vimekwisha, na hapo nagawa sifa nusu kwa nusu kati ya jeli na kuacha mafuta ya nazi. Mashavu: mawimbi madogo. Chunusi mpya zinatoka moja moja, hazina usaha, zinaondoka bila kelele. Kidevu bado ni mawimbi, na kinyozi amekubali kwamba mashine ni bora kuliko wembe, ingawa anadai wazo lilikuwa lake.

Madoa yamefifia, hayajaondoka. Retinoidi inasaidia madoa kwa sababu ngozi inajibadilisha haraka, ila hilo ni la miezi, na losheni ya jua ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Kwenye shavu la kulia nina vishimo viwili vya zamani. Hivyo ni makovu, sijavitegemea vijae kwa jeli.

Sijui niite mafanikio ya dawa gani. Klinikofisa aliniuliza kama imefanya kazi, nikasema ndiyo. Akauliza ipi, jeli au benzoili au kuacha vile vingine? Nikamwambia kwamba hilo ni swali la mtu asiye na chunusi.

Mei, kusi

Mvua za masika, na mawingu yametanda. Abiria wananiuliza mbona bado napaka kitu usoni na jua halipo. Wingu jepesi hupitisha zaidi ya asilimia 90 ya ile miale. Napaka.

Jeli naendelea nayo kila usiku. Nilipoona matokeo yamefika nilidhani ndio mwisho wa tyubu, lakini vizibo vinaanza kujijenga upya ukiacha, kwa hiyo watu wengi huendelea kwa miezi mingi kama kinga. Benzoili nimeipunguza, naitumia chunusi zikijipanga tu. Antibiotiki ya kupaka sikupewa, na nimefurahi: ikitumiwa peke yake bakteria huizoea.

Kemisti wa hapa wameishiwa. Tyubu mpya inakuja kesho na basi la Mombasa, pamoja na losheni ya kahawia. Nimempigia kondakta aitie kwenye mfuko wake mwenyewe, isikae juu ya dashibodi, na nitaipokea Mokowe kwa mkono wangu safari ya kwanza.